Mkono wa Kushoto wa Ukarimu

Nyinyi vijana mnaowasha sasa ule moto wa karakana yetu ya Buyenzi, hebu kaeni kidogo. Siwaiti niwahubirie. Nimestaafu, magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na jambo ninalotaka kuwasimulia hata mimi mwenyewe silielewi sawasawa. Nikilishika upande huu linanigeukia upande ule. Labda nikiliandika litatulia.

Mnayajua yale mabamba manne ya bronzi kwenye ukuta wa shule moja kule Kamenge. Kila bamba lina mtu aliyetokeza nusu mwili, kama anataka kutoka ndani ya chuma aje barabarani. Ni Ukweli, Subira, Ujasiri na Ukarimu. Yote yalitoka kwetu, mikononi mwa Mzee Hamisi, fundi aliyenifundisha kazi. Ukarimu ni mwanamke anayekunyooshea bakuli. Na analinyoosha kwa mkono wa kushoto.

Hapo sina haja ya kueleza sana. Hapa kwetu mtoto hajaanza hata kusema, akikupa kitu kwa kushoto mama yake anamshika kiganja na kumgeuza. Unatoa kwa kulia, na kama mtu amekuzidi heshima, ule wa kushoto unashika kiwiko cha mwenzake. Sasa wazazi wa shule ile wamelalamika, na mkurugenzi mpya, mama mpole kweli, alikuja mpaka nyumbani kwangu.

"Fundi Bahati," akaniambia, "mi siko nataka kuharibu kitu ya wazee. Lakini wazazi wanasema tunafundisha watoto kukosa adabu. We ndiye umebaki. Mzee alifanya ivi kusudi, ao ni kosa?"

"Ukisha kujua, utafanya nini?"

"Kama ni kusudi, inabaki, nitawaeleza wazazi. Kama ni kosa, bon, vijana wa Buyenzi wataiyeyusha, wamimine ingine yenye mukono muzuri."

Vijana wa Buyenzi ndio nyinyi. Bamba lile litaletwa kwenu, au halitaletwa, kwa neno langu moja. Nilimwambia anipe muda nifikiri. Alipotoka nilisimama katikati ya chumba nikanyoosha mkono wa kulia, nikajigeuza, nikanyoosha wa kushoto, nikajigeuza tena. Mke wangu alikuwa mlangoni akinitazama. Aliuliza kama niitiwe daktari.

Msinicheke. Mzee Hamisi alifanya kazi maisha yake yote, lakini kazi yake iko wapi? Nyingi ni bushi, zile pete za bronzi zinazoshika mhimili chini ya maboti pale bandarini, kwenye giza na mafuta, hakuna anayeziona isipokuwa samaki. Katika mji huu wote, kitu pekee cha mkono wake ambacho mtu anaweza kukitazama usoni ni yale mabamba. Nikisema ni kosa, nalipeleka moja kwenye moto. Nikisema ni kusudi na haikuwa hivyo, nimemsingizia marehemu. Ndiyo maana nalala vibaya.

Nianze na ninachokijua kwa uhakika, maana kipo. Nilipovuka kutoka Uvira sikuwa na kazi yoyote mkononi. Mzee Hamisi alikuwa Mwislamu wa Buyenzi tangu babu zake, mimi Mkristo mgeni, na alinipokea kwa sababu nilikuwa na pumzi ya kuvuta mvukuto. Cha kwanza kunifundisha hakikuwa moto, kilikuwa maji. "Moto unauona," alisema. "Maji iko inajificha." Kalibu ya udongo, ile ya kumiminia, ukiidhania kavu, na ndani kuna unyevu kidogo tu, ukimimina bronzi pale ndani maji yanageuka mvuke na kila kitu kinaruka.

Mimi nilikuwa na haraka. Kalibu yangu ya kwanza niliigusa nje, nikaona kavu, nikamimina. Bronzi iliruka ikatoboa bati la paa. Tulijitupa chini wote, na tulipoinuka hakuna aliyeungua, Alhamdulillahi. Mzee Hamisi alilitazama lile tundu kwa muda, jua likimwingia machoni.

"Sasa tuko na dirisha," akasema.

Hatukuliziba, maana moshi uliligundua ukawa unapitia pale. Lile tundu mnalosema wazee walikuwa na akili kuliweka juu ya tanuru, basi jueni. Wazee hawakuwa na akili yoyote, ilikuwa ni mimi.

Tangu siku ile nilijifunza kutumia kioo. Mzee alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, kimening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Kalibu ikiwa bado ina joto, unaweka kioo juu ya mdomo wake. Kikipata ukungu, kaa chini unywe chai, bado. Kikibaki safi, mimina. Na ukimimina usisite katikati hata kama mtu anakuita jina, kwa sababu bronzi iliyosita inapoa na ile inayofuata haishikani nayo, unapata mstari kama kovu. Kioo kile kilikuwa na kazi nyingine pia, nitaisema mbele, na hiyo ndiyo inayonichanganya kuliko zote.

Kazi ya mabamba ilikuja kwa mwalimu wa kuchora wa shule ile. Alileta picha kutoka kwenye kitabu. Kulikuwa na mwanamke mwenye mizani, mwanamke mwingine anamkumbatia simba, na mwingine anamimina maji kutoka chombo hiki kwenda chombo kile bila sababu.

"Simba anafanya nini ku masomo?" Mzee Hamisi aliuliza.

"Ni ujasiri," mwalimu akasema.

"Mi naona mutu karibu kuliwa."

Walibishana mchana kutwa, kwa heshima, mpaka simba akaondoka. Ujasiri akawa mwanamume anavuka mto na mtoto mabegani. Ukweli akawa mzee mwenye viganja wazi. Subira ni mwanamke aliyekaa mbele ya chungu kilichoinjikwa. Ukarimu ni yule wa bakuli. Mpaka leo watu wanawachanganya. Watoto wanasema Subira ana njaa tu, na kwamba Ukarimu angempelekea lile bakuli angesimama akaenda zake.

Kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua Mzee. Yeye na sura za watu walikuwa hawapatani, kwa dini yake. Aliwaza, akaenda kuzungumza na wenzake baada ya sala ya Ijumaa, akarudi na shauri lake.

"Mi nachonga tabia, sichongi mutu," akaniambia. "Siku ya kiyama nikiulizwa uyu roho yake iko wapi, nitajibu, ya Rabbi, uyu hakuwa mutu, alikuwa subira."

Kwa hiyo hakutaka sura ya mtu anayejulikana. Mimi nilimwambia ampe Ukweli pua ya baba yangu, pua nzuri sana ile, akakataa kabisa. Likumbukeni hili la kukataa.

Bronzi tuliitoa wapi? Elisi mbovu kutoka bandarini, yale mapanga yanayosukuma maboti majini, ni bronzi nzuri, na mabomba ya maji ya zamani, ambayo ni mchanganyiko wa ovyo. Ujasiri ni elisi tupu, gongeni mtasikia anavyolia. Ukweli alitokana na mabomba, akatoka na vitundu vidogo kwenye paji la uso. Mzee alivitazama akasema huyu ameshazoea kuvuja, tumzibe kabla hajafika shuleni.

Matatu ya kwanza tuliyafanya kwa nta, kama mnavyofanya nyinyi. Unamfinyanga mtu wa nta, unampaka udongo laini uliochanganywa na unga wa makaa, kisha udongo mzito wenye samadi, unakausha, unachoma, nta inatoka na nafasi yake inabaki. Nta inakosea mbele ya macho yako, na unaona kulia ni kulia. Lakini Ukarimu wa nta, aliyekwisha kumalizika kabisa, aliwekwa jirani na tanuru tulipokuwa tunamimina Subira. Joto likamla. Tulipogeuka alikuwa ameinama kama mtu anatafuta sindano, na bakuli limeanguka miguuni. Tulimwokota kwa koleo, nta yote imejaa majivu, na ile ya nyuki kutoka milimani ilikuwa imekwisha. Shule ilikuwa inangoja ukuta wake.

"Tutachonga ndani ya kalibu yenyewe," Mzee akasema.

Hili nisikilizeni kwa makini. Bamba si sanamu ya kuzunguka, lina uso mmoja, kwa hiyo unaweza kuacha nta kabisa. Unatandaza udongo, unachimba ndani yake shimo lenye umbo la mtu, mahali pa pua unachimba sana, mahali pa shavu kidogo, kisha unamimina. Ni kazi ya haraka. Hatari yake ni ile ya mhuri wa ofisi, kila kitu kinatoka kimegeuka. Kilichokuwa kushoto kwenye udongo kitakuwa kulia kwenye bronzi. Na juu ya hapo, mtu anayekutazama tayari kulia kwake ni kushoto kwako. Ukianza kuhesabu migeuzo hiyo, akili inachoka mapema.

Hapo ndipo ilipokuja kazi ya pili ya kioo. Mzee alikiondoa kwenye msumari, akawa anakishika mbele ya udongo na kuangalia humo, kwa sababu ndani ya kioo unaona kitu kitakavyotoka. Nilimwona kwa macho yangu akiandika neno UKARIMU kinyumenyume, herufi kwa herufi, akikagua kwenye kioo. Neno lilitoka safi. Basi niambieni nyinyi, mtu aliyekumbuka kugeuza herufi zote zile, alisahau kugeuza mkono?

Mnasema hapana. Na mimi nilisema hapana. Lakini kila fundi anaogopa herufi, maana neno likitoka kinyume hata mtoto atakucheka. Mkono hakuna anayeuogopa. Kioo kilikuwa kidogo cha ndevu, kinaonyesha herufi moja moja, hakionyeshi mtu mzima. Kwa hiyo nikasema ndiyo, alisahau. Kesho yake nikasema hapana tena.

Siku tuliyoivunja kalibu, uso wa Ukarimu ulitokea kwanza, mzuri kuliko wale watatu. Halafu shingo, halafu bega. Mzee Hamisi alikuwa anapangusa udongo kwa brashi. Alipofika kwenye mkono alisimama. Alikwenda nje, nikasikia maji, alikuwa ananawa. Akarudi.

"Mzee," nikasema, "ule mukono."

"Nimeuona."

"Sasa?"

"Wacha akae. Chukua tupa, piga pembe zile."

Hakuongeza neno, wala mimi sikuuliza tena. Kwa nini sikuuliza? Sijui. Nadhani nilifikiri ipo siku ya kuuliza, tukiwa tumekaa, na kazi imepungua. Kazi haikupungua. Akafa, Mungu amrehemu, na swali likabaki kwangu.

Sasa niwaambie jibu nililokuwa nimejipa, ambalo nililibeba kwa miaka na lilinipendeza sana. Nje ya karakana yetu alikuwa akikaa Mama Faida, Mkongomani mwenzangu, akiuza bugali na maharagwe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, unalala ubavuni kama si wake. Alikuwa anagawa kwa kushoto, na mgeni akishangaa anamwambia, "Ule mwengine unalala, usimuamshe." Nimekula kutoka mkono ule siku zote za kazi yangu. Alikuwa anawapa hata waliokuwa hawana kitu, wapakuzi wa mizigo kutoka bandarini, wagonjwa, yeyote. Kwa hiyo nikajisemea kwamba Mzee Hamisi alimchonga yeye, kwa siri, na akanyamaza kwa ajili ya dini yake.

Ni jibu tamu. Linagongana na lile la "sichongi mutu", lakini mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba alijivunjia sharti lake mara moja, kwa mapenzi. Nilitaka kumpelekea mkurugenzi jibu hilo. Kabla ya kwenda nikaona vema nimwone kwanza Mama Faida, anikubalie nitaje jina lake. Anakaa Kanyosha kwa binti yake siku hizi, bado anapika mlangoni.

Nilimkuta anachagua mawe kwenye maharagwe kwa mkono ule ule. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka sinia likatikisika.

"Bahati, we umezeeka mbaya," akasema. "Ku matanga ya Hamisi, nani alisonga bugali ya watu wote?"

"Ni wewe."

"Ile sufuria kubwa. Na mikono ngapi?"

Nikafungua mdomo nijibu, na hapo nikamwona. Nawaambia nilimwona kabisa, amesimama juu ya sufuria ya matanga, kanga amejifunga kiunoni, mwiko mrefu kama kasia, anasonga. Kwa mikono miwili. Huwezi kusonga bugali ya msiba kwa mmoja.

"Hamisi alikufa mi niko muzima," akasema. "Kiharusi ilinipiga kisha, yeye amekwisha kuzikwa. Ile mukono ya kushoto unakumbuka ilikuja kisha, wakati we ndiye ulikuwa patron ya karakana."

Nilikaa pale kwenye kigoda nikajiona mjinga. Vitu viwili vya kweli nilikuwa navyo, bamba na mkono, na kichwa changu kikavishona pamoja bila kuniuliza. Bamba lilikuja kwanza. Mzee Hamisi hakuweza kuchonga kilema ambacho hakikuwepo. Basi ni kosa. Fundi bora niliyemjua alichanganyikiwa na migeuzo kama mwanafunzi, akanawa mikono, akaliacha. Nilihuzunika, nasema wazi. Nilihuzunika kama ndiyo kwanza nimetoka kumzika.

"Basi wataliyeyusha," nikasema.

Mama Faida aliacha kucheka. Akaweka sinia chini.

"Sikiliza. Kiharusi ilipopita, mi niliacha kupika. Nilikuwa naona haya. Utamupa mutu chakula na kushoto? Atasema unamuzarau. Nilimwambia Faida auzishe masufuria, nikajifungia mu nyumba. Siku moja ananitoa ku hopitali kule Kamenge, nachoka, tunapumzika karibu na ukuta ya ile masomo. Nikainua macho. Nikaona ule mwanamuke na bakuli yake. Nikauliza mulinzi, uyu ni nani? Akaniambia, mama, uyu ni Ukarimu."

Aliokota jiwe la mwisho kwenye sinia, akalitupa.

"Nikaangalia mukono. Nikamwambia Faida, usiuzishe. Asubui yake niliwasha makaa."

Nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba bamba limefanana naye, kumbe yeye ndiye aliyejifananisha na bamba. Kipi kimetangulia kipi, hapo mimi sijui tena, na nimeshachoka kujigeuza katikati ya chumba. Kosa la Mzee wangu lilikuwa limewalisha nusu ya wapakuzi wa mji huu, na mimi mwenyewe pia, na sikujua.

"Utamuambia nini direktrisi?" akaniuliza.

"Nitamwambia ni kosa."

"Ndiyo, ni kosa. Na kisha?"

"Kisha nitamwomba aje hapa, ale."

Hivyo ndivyo nilivyoamua, na sijui kama itasaidia. Mkurugenzi alisema bamba likijulikana ni kosa linayeyushwa, na mimi kudanganya kwa jina la Mzee Hamisi siwezi. Kwa hiyo inawezekana bado bamba likaletwa kwenu. Likifika, kabla hamjavuta mvukuto, lipanguseni vumbi, mlimulike kwa taa kutoka ubavuni, siyo mbele, maana mbele uso wa bamba unapotea. Mtaona vidole vya mkono wa kushoto vimeng'aa kuliko sehemu nyingine yoyote. Watoto wamevishika kila wakipita. Mzee Hamisi hakuving'arisha vile, wala mimi na tupa yangu. Mkishaona hivyo, fanyeni mtakaloona ni haki, lakini mtu mmoja aende kwanza Kanyosha.

Siku ile Mama Faida hakuniacha niondoke hivi hivi. Alichota maharagwe, akayamwagia juu ya bugali, akaninyooshea sahani kwa ule mkono wake mmoja. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani, haukuweza kuja kushika kiwiko cha mwenzake. Nikainuka kwenye kigoda, nikapokea kwa mikono miwili.